Kabla ya Saa Tisa

Wubalem alitoka jikoni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, sahani mkononi, sahani nyingine imeifunika ile ya kwanza, na shuka limezifunika zote mbili. Ukitaka watu wasikione kitu, usikifunike mara mbili. Kiwanja kile kilikuwa na nyumba nne zilizotazamana kuzunguka bomba moja la maji, na huko nyuma jiko moja la mabati ambalo wote walilitumia. Hapakuwa na njia ya kupita bila kupita machoni pa watu.

"Wubalem," aliita Tobiya kutoka bombani, akisuuza ndoo iliyokuwa safi tayari. "Hicho kitunguu chako kimenitoa kitandani leo. Mwanangu mkubwa ananiuliza kama Pasaka imefika."

"Habari za asubuhi, dada Tobiya."

"Nzuri. Za wenye njaa."

Mulunesh, mama yake Tobiya, alikuwa amekaa kizingitini kwake akichambua dengu za kupikwa mchana. Hakuinua kichwa. "Mwache mwenzio," alisema, kwa sauti iliyopimwa imfikie aliye nje na aliye ndani. "Aliyeshiba hamjui mwenye njaa."

Aliye ndani alisikia. Aselefech alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wake, kidole mdomoni, akihesabu hatua za mke wa mwanawe toka jikoni mpaka kizingitini. Zilikuwa hatua ishirini na mbili. Alizijua kwa sababu kila asubuhi zilimkaa moyoni moja moja.

"Wamesema nini?" Aselefech aliuliza, mara tu Wubalem alipoingia.

"Si umesikia, mama."

"Nimesikia walivyosema wao. Wewe umejibu nini?"

"Nimewasalimia."

Aselefech akashusha pumzi. Akakaa, akainuka, akaenda kuusukuma mlango ambao ulikuwa umefungwa, akarudi kukaa. Wubalem aliondoa shuka, akaondoa sahani ya juu. Ilikuwa injera ya jana, ule mkate mwembamba wa unga uliochachuka, iliyochanwachanwa na kupikwa kwa kitunguu, mafuta na pilipili nyekundu. Siagi hakuna, yai hakuna, chakula halali cha mfungo kabisa. Kosa lake lilikuwa moja tu: saa.

Kwani ilikuwa wiki ya tano ya Mfungo Mkuu, na pale Shiro Meda, chini ya mlima wa Entoto, mtu mwenye dini yake hatii kitu kinywani kabla ya saa tisa alasiri, hata maji. Aselefech alikuwa ameshika sheria hiyo tangu akiwa na miaka saba, na sasa alikuwa na sitini na tatu. Alifunga akiwa na mimba, alifunga akiwa na homa, na hakuacha mtu yeyote asijue. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chama cha Mariamu cha wanawake wa mtaa, na ulimi wake uliogopwa kuliko fimbo ya askofu.

Mwezi wa kwanza, kabla mfungo haujaanza, alianza kukonda na kunywa maji ndoo kwa ndoo. Zahanati wakampima, wakamwambia ni sukari, wakampa dawa ya kudungwa. Chupa za dawa zikakaa uvunguni, ndani ya chungu chenye mchanga mbichi ili zisipate joto. Muuguzi alimwita Wubalem akamfundisha kudunga, kisha akamkazia macho mzee: "Mama, ukishadungwa, ule ndani ya nusu saa. Usipokula sukari inashuka. Utatoka jasho, utatetemeka, utaanguka, na usipopata mtu wa karibu huamki. Tumeelewana?"

Walielewana. Aselefech alitii, kwa sababu hakutaka kufa. Lakini alitaka pia mtu yeyote asijue, na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana mambo hayo mawili hayakukaa chumba kimoja.

"Kula, mama. Dakika ishirini na mbili zimepita."

Aselefech alikula harakaharaka, mgongo ameupa mlango. Alipomaliza, Wubalem akatoka na sahani tupu kwenda kuiosha bombani, na kiwanja kizima kikaiona ilivyo tupu. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, maana Lakew, mume wa Wubalem, yuko na lori barabara ya Djibouti wiki tatu kwa wiki tatu. Mmoja wa hao wawili alikuwa mkuu wa chama cha Mariamu. Wa pili alikuwa mlokole, binti wa walokole, aliyefunga ndoa kwa gitaa. Nani angehangaika kuuliza sahani imemalizwa na nani?

*

Abba Melaku, padri aliyekuwa baba yao wa roho na mwungamishi wa nyumba zile zote, alijua. Aselefech alimwambia kwenye maungamo kabla mfungo haujaanza, akitegemea angemkatalia.

"Kula, binti yangu," Abba alisema. "Mgonjwa akikataa kula akafa, huyo hakufunga. Huyo kajiua."

"Na watu, Abba?"

"Watu wafanye nini?"

"Wataniona."

Abba alikuna ndevu. "Wakikuona, waambie unaumwa. Kuumwa si dhambi."

Rahisi kusema. Lakini Abba hakuwepo kwenye kikao cha chama mwaka juzi, pale Tobiya alipokuwa na mimba ya miezi sita akaanguka karibu na bomba, na mama yake akampa chai na mkate saa nne asubuhi. Aselefech alikuwa amekohoa kidogo, akasema mbele ya wanawake kumi na wanane, "Siku hizi tumbo ndilo bwana mkubwa. Sisi tulizaa saba na hatukuanguka." Watu walicheka. Mulunesh hakucheka, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja, kimya, kama mtu anayengoja embe la jirani liangukie upande wake.

Ndiyo maana Aselefech alimwapisha Wubalem. Au alitaka kumwapisha. Yule msichana alikataa, akasema kwao hawaapi.

"Basi utafanya nini?"

"Nitasema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, mama. Sitasema kwa mtu."

Na hiyo sawa yake ikaja kuwa ngumu kuliko kiapo.

*

Jumanne jioni Wubalem aliingia na beseni la unga uliochachuka, akaliweka chini kwa nguvu. Hakuwa mtu wa kuweka vitu kwa nguvu.

"Wanataka kunitoa jikoni," alisema.

Aselefech alikuwa akisokota uzi. Alijifanya hajasikia vizuri. "Nani?"

"Mama Mulunesh. Anasema jiko linapikiwa mikate ya Mariamu, haliwezi kupikiwa pia kifungua kinywa wakati wa mfungo. Anasema mpaka Pasaka nisiingie. Kesho asubuhi anamleta Abba aseme mbele ya wote."

"Atatulia. Ana mdomo tu."

"Mama, nina injera themanini kila siku za kupeleka kwa wale wenye vibanda vya chakula. Nikikosa siku tatu watachukua kwa mwingine. Pesa ya Lakew inakuja anapokuja. Tunayokula sasa inatoka kwenye lile jiko. Hata sindano zako zinatoka kwenye lile jiko."

Aselefech aliendelea kusokota. Uzi ukakatika. Akaufunga fundo, ukakatika tena.

"Useme, mama," Wubalem alisema, sasa kwa upole. "Neno moja. Unaumwa, basi. Nani atakucheka?"

"Unawajua hawa wewe? Miaka arobaini nakaa hapa. Watanicheka mpaka kaburini, halafu watakuja msibani wale."

"Wananicheka mimi."

"Wewe hukufunga tangu zamani! Wewe hawakutegemei. Wakikusema hupotezi kitu." Alisema hivyo, akasikia lilivyotoka, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. "Zimebaki siku ishirini na kitu. Vumilia, mwanangu. Watu wenyewe ni hawahawa."

Wubalem akaokota beseni, akalipeleka pembeni, akalifunika.

"Sawa," alisema.

Usiku ule Aselefech aligeukageuka kitandani kama aliyelalia mawe. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijiambia, na akajijibu kwamba yeye hajafa bado. Kuna wakati alikasirika na Mulunesh, kuna wakati alikasirika na zahanati. Palipokaribia kucha alikuwa amemkasirikia Wubalem, kwa sababu ya utulivu wake.

*

Jumatano asubuhi Wubalem alimdunga kama kawaida, saa moja na nusu, tumboni upande wa kushoto. Akaenda jikoni kupasha chakula. Hakuwa amerudi wakati Aselefech aliposikia nyayo nyingi nje, kikohozi cha mwanamume, na sauti ya Mulunesh ikisema, "Karibu, Abba. Hapa hapa. Mwenye nyumba ni mtu wa dini, atafurahi."

Mlango ukafunguliwa. Abba Melaku aliingia kwanza, kilemba cheupe, fimbo na msalaba mkononi. Aselefech akainama kuubusu msalaba, na akaona macho ya Abba yakimpita haraka na kwenda ukutani. Nyuma yake wakaingia Mulunesh, Tobiya aliyembeba mtoto, na mwanamke wa nyumba ya nne ambaye kazi yake siku zote ilikuwa kuitikia. Wote walikuwa wameamkia kanisani. Wote walikuwa na midomo mikavu ya mfungo, na walikaa kwenye vigoda kama watu waliokuja kuposa.

"Mwiteni na huyo binti," Mulunesh alisema.

Wubalem aliitwa. Akaja mikono mitupu, akasimama karibu na mlango.

"Dada Aselefech," Mulunesh alianza, "hatukuja kwa ubaya. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mfungo ni ukuta, tofali moja likitoka ukuta wote unalegea. Maneno yako. Sasa tofali limetoka nyumbani kwako. Kila asubuhi sahani inaingia humu imejaa, inatoka tupu. Wewe umefunga, mzee wa watu, unakaa humu ndani unanusishwa kitunguu. Tumekuonea huruma."

"Huruma sana," aliitikia yule wa nyumba ya nne.

"Penye moshi hapakosi moto, Abba. Hatusemi abadili dini. Tunasema tu jiko letu alipishe mpaka Pasaka."

Abba Melaku aliizungusha fimbo yake kiganjani. Alichokijua alikijua kwa maungamo, na padri anayetoboa maungamo ya mtu, heri atoboe macho yake mwenyewe. Alitafuta mlango mwingine wa kutokea. "Nani ameona kwa macho yake huyu binti akila?"

"Abba, sahani haijilambi yenyewe."

"Nimeuliza nani ameona."

"Mwulize mwenyewe, basi," Tobiya alisema. "Wubalem, unakula asubuhi au huli?"

Wubalem alitazama sakafu. Angeweza kusema sili, ikawa kweli, na kweli hiyo ingemsukuma mama mkwe wake katikati ya chumba. "Sina la kusema," alijibu.

"Mmeona?" Mulunesh alisema.

"Mambo haya yangoje Pasaka," Abba alisema. "Mfungo si wa chakula tu, ni wa ulimi pia."

"Tukingoja Pasaka, Abba, tunajadili nini? Pasaka kila mtu anakula."

Tobiya alicheka, akaficha uso nyuma ya mtoto. Aselefech naye alitaka kucheka kidogo, kuonyesha yuko pamoja nao, akagundua kwamba midomo yake haimsikii vizuri. Jasho lilikuwa limeanza nyuma ya shingo. Alijua. Akatazama saa ya ukutani: saa mbili na dakika saba. Dakika thelathini na saba tangu adungwe.

Wangeondoka, alijiambia. Waseme tu haraka, waondoke. Lakini Mulunesh alikuwa ameingia kwenye maneno yake kama aliyeingia kwenye maji ya moto baada ya siku ndefu, hana haraka ya kutoka. Alieleza habari ya jiko, nani alinunua mabati, nani alijenga meko. Aselefech alishika magoti yake yasigongane. Mikono ikaanza. Akaificha ndani ya shuka, shuka likaanza kutetemeka. Sauti ya Mulunesh ikawa inakuja na kwenda, na njaa isiyo ya kawaida ikampanda, njaa yenye woga ndani yake, akataka kulia kama mtoto.

Wubalem alimwona. Alisimama kama anayepima kitu, kisha akatoka bila kuaga.

"Hata adabu," alisema yule wa nyumba ya nne.

Alirudi na sahani. Safari hii hakuifunika. Alipita katikati ya wanawake watatu waliofunga na padri mmoja aliyefunga, mvuke wa kitunguu ukimfuata, akaiweka juu ya kimeza kidogo, mbele kabisa ya mama mkwe wake, akachuchumaa pembeni.

Mulunesh aliinuka nusu. "Mbele ya Abba? Abba, unaona kwa macho yako sasa? Ulitaka shahidi wa macho, huyu hapa!"

"Mimi ndiye mkosaji," Wubalem alisema. "Si mmesema? Basi chakula kimekuja kwa mkosaji." Hakukigusa. Aliisogeza sahani kidogo kwa kidole, upande wa Aselefech, mpaka ukingo ukagusa goti la mzee. Hakumtazama. Alikuwa amesema sawa, na bado alikuwa ndani ya sawa yake. Zaidi ya pale hangekwenda.

Aselefech aliangalia sahani. Aliwaangalia wanawake. Karibu miaka sitini ya mfungo ilikuwa imekaa pale pamoja nao, kila Jumatano na kila Ijumaa, na kikao cha watu kumi na wanane waliocheka. Akawaza kuanguka. Akianguka, wangesema mfungo umemwangusha, na angezikwa mtakatifu. Hilo lilimpitia kichwani kweli, na ladha yake haikuwa mbaya. Kisha akauona mkono wa Wubalem juu ya meza, umekunjwa ngumi, vidole vimeungua kwa sinia la kuokea injera.

Akatoa mkono wake ndani ya shuka. Ulitetemeka mbele ya wote. Akachukua tonge, likamwangukia mapajani, akachukua jingine, akalitia kinywani.

Mtoto wa Tobiya peke yake alinyoosha mkono akitaka na yeye.

Alikula matonge manne, matano. Abba Melaku alifumba macho, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu cha kushukuru. Polepole sauti za nje zikarudi mahali pake. Aselefech akajifuta mdomo.

"Sahani ni yangu," alisema. "Tangu siku ya kwanza ya mfungo. Nina sukari, nadungwa sindano, nisipokula nakufa. Abba alijua. Huyu alijua. Nyinyi ndio sikutaka mjue."

Mulunesh alikuwa bado amesimama nusu. Mtu akingoja embe miaka miwili halafu likamwangukia kichwani, hajui aokote au ashike kichwa. "Wiki tano," alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na ushindi. "Wiki tano ukatuacha tumseme mtoto wa watu."

"Ndiyo."

"Pale bombani. Kila siku. Na wewe unasikia."

"Nasikia. Nyuma ya pazia." Aselefech hakuwa na mahali pengine pa kwenda, akaendelea. "Na Tobiya, ile siku ya chai na mkate. Nilisema upumbavu."

Tobiya aliinamia nywele za mwanawe. Yule wa nyumba ya nne hakupata cha kuitikia.

"Sasa jiko," Abba alisema taratibu.

"Jiko ni lake, Abba," Mulunesh alijibu, akakaa. "Nani alisema si lake?"

Wubalem akainuka. Injera themanini zilikuwa zinamngoja na jua lilikuwa limeshapanda. Ndipo Aselefech alipomshika pindo la gauni, akamwuliza swali ambalo wiki tano hazikumpa nafasi ya kuliuliza, au hakuitafuta.

"Wewe umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana?"

"Saa tisa. Pamoja na nyinyi wote."

"Na siku nyingine? Wewe hufungi. Kwenu mnakunywa chai asubuhi."

"Kwetu, ndiyo." Wubalem aliongea bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea. "Mama, siku niliyoingia humu kama bibi arusi ulinisimamisha mlangoni. Ulisema, mwombe Mungu wako unavyotaka, lakini katika nyumba hii, wakati wa mfungo, kinywa hakitafuni kabla ya saa tisa. Nikasema sawa."

Aselefech alimwona akilini yule msichana akisimama mbele ya moto tangu alfajiri, akikaanga kitunguu cha mtu mwingine, akikivusha kiwanjani, akitukanwa kwa shibe asiyokuwa nayo. Machozi yakamtoka pale pale, mbele ya Mulunesh, na hakuyaficha.

Akachukua tonge. Alilifinyanga vizuri, kubwa, lenye mchuzi, akalinyoosha kuelekea kinywani mwa Wubalem. Kumlisha mtu kwa mkono wako, watu wale hawana heshima iliyo kubwa kuliko hiyo, na haikataliwi. Hata anayekuchukia atafungua kinywa.

Mkono ukakaa hewani. Wote waliutazama.

Wubalem aliutazama pia. Aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia, akaugusa kwa paji la uso, kisha akaurudisha taratibu kwa mwenyewe.

"Saa tisa bado, mama," alisema, akatoka kwenda kuwasha moto.

Tonge lilibaki vidoleni mwa Aselefech. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani aliyeruhusiwa kulila. Akalitia kinywani mwake, akalitafuna mbele yao wote, na lilikawia sana kushuka.